Eric Ball, mtunzi aliyeanza upya akiwa na miaka arobaini: uzi kwa wapiga tarumbeta wa Nyanda za Juu Kusini

Mwalimu wa Tarumbeta, Tukuyu (mleta uzi)

Ndugu zangu wapiga tarumbeta, walimu wa kwaya na wazee wa sharika mnaopita humu, nawasalimu nyote. Uzi huu nimeuanzisha kwa sababu ya aibu niliyojitafutia mwenyewe. Kijana mmoja wa usharika wetu aliyekuwa masomoni Uingereza alirudi likizo na bahasha nene ya nota za bendi ya tarumbeta, kazi ya mtunzi aitwaye Eric Ball, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mshenga anayewasilisha posa. Kwa furaha nikazigawa jioni ile ile bila kuzikagua. Nilipoinua mkono na kuhesabu, kilichotoka kilikuwa ugomvi: sauti ya kwanza ilikwenda kwake, waliopewa karatasi za honi wakaenda kwao, tromboni ya besi peke yake ikawa inasema jambo linaloeleweka, na mpigaji wetu wa besi kubwa hakupuliza kabisa. Alinitazama, chombo kikiwa mapajani, akasema, "Mwalimu, umenipa karatasi ya soprano." Nikamwambia apulize hivyo hivyo, kwa maana sikutaka kuonekana sijui. Mbwa wa mchungaji, ambaye kwa kawaida hulala chini ya benchi mpaka amina ya mwisho, aliondoka kabla ya ubeti wa pili.

Kosa lenyewe la nota naliacha, maana najua humu wamo wanaoweza kulieleza kuliko mimi. Usiku ule nilipofika nyumbani nilianza kumsoma mtunzi, na maisha yake yakanikalia moyoni kuliko karatasi zake.

Ball alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1903 huko Kingswood, karibu na Bristol, katika familia ya Jeshi la Wokovu. Wengi wetu tunalifahamu Jeshi hilo kama kanisa dogo lililofika Tanganyika mwaka 1933 na kuanzia Tabora. Lakini kwao Uingereza lilikuwa limeijenga ibada yake juu ya vyombo vya shaba tangu mwaka 1878, pale Charles Fry na wanawe watatu wa Salisbury walipojitolea kuwalinda wahubiri wa barabarani dhidi ya wazomeaji, wakaja na vyombo vyao mikononi. Kutoka hapo kila kituo kilitaka bendi yake, kila bendi ikataka nota, na Jeshi likaanzisha idara yake ya muziki na kuchapa nota zake lenyewe. Ball alikulia ndani ya nyumba hiyo. Akawa afisa, akafanya kazi katika idara ya muziki, na akatunga kazi ambazo bendi za Jeshi zinazipiga mpaka leo, mojawapo ikiwa ile ya Ufalme wa Ushindi, inayohusu kurudi kwa Kristo na ambayo ndani yake utausikia wimbo wa Majilio wa Imanueli ambao sote tunaujua tangu utotoni. Mwaka 1942 alikabidhiwa bendi ya makao makuu ya Jeshi huko London. Kwa mpiga shaba wa Jeshi la Wokovu, juu ya hapo hapakuwa na ngazi nyingine.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1944, alijiuzulu. Alikuwa amevutiwa na imani ya watu wanaosema wanawasiliana na roho za waliokufa, na kanisa lake halikuweza kulikubali jambo hilo. Sitaki tujadili hapa kama alikosea au la, maana tutafika kwenye mabishano ya dini na uzi utafungwa. Ninachotaka mkitazame ni hali ya kazi yake siku ile alipotoka. Jeshi lilikuwa na sheria mbili zilizokwenda pamoja: bendi zake zilipiga nota zilizochapwa na Jeshi pekee, na nota hizo hazikuuzwa kwa bendi za nje. Kwa hiyo mtu mwenye umri wa miaka arobaini, aliyekuwa ametunga kwa zaidi ya miaka ishirini, aliuacha ndani ya lango muziki wake wote mkubwa, na bendi za viwandani na migodini alizokuwa anaziendea zisingeweza kuununua hata kama zingetaka. Sheria ya kutouza nota hizo nje iliondolewa mwaka 1992. Ball alikuwa amefariki tarehe 1 Oktoba 1989.

Mtunzi wa tarumbeta, kabla ya kuwa na wasikilizaji, anahitaji wapigaji, na wapigaji wana mwenye nyumba. Mwenye nyumba akifunga mlango, muziki unabaki karatasi. Nitaendelea na sehemu ya pili baada ya kusikia kutoka kwenu.

Besi ya Baridi, Njombe

Kamwene mwalimu. Nimecheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Mimi ni mpiga besi kwa miaka kumi na sita, na namuunga mkono ndugu yangu huyo aliyekataa kupuliza. Sisi tumefundishwa besi kwa ufunguo wa fa, yaani ile alama ya mwanzo wa mistari ya nota inayoonyesha sauti za chini, ndio ufunguo wa besi duniani kote nijuavyo. Sasa Mwingereza anampaje mtu wa besi ufunguo wa soprano? Naomba anayejua aeleze polepole, kwa sababu hata hapa kwetu kuna kitabu cha aina hiyo kimekaa kabatini miaka mingi na kila anayekifungua anakirudisha.

Koneti ya Zamani, Iringa

Naomba nilijibu hilo, kwa sababu mimi nilijifunzia tarumbeta katika bendi ya jeshi kabla ya kuhamia kikundi cha usharika, na mifumo yote miwili imenitoa jasho.

Katika bendi za Kiingereza, nota huandikwa kwa ajili ya vidole vya mpigaji, na sikio huachwa lijisimamie. Kila chombo, kuanzia koneti (tarumbeta fupi) ndogo kabisa hadi besi kubwa kabisa, huandikiwa ufunguo wa sol, ule wa sauti za juu ambao ninyi mnauita wa soprano, na kila mmoja aonapo nota ya C ya chini hupuliza bila kubonyeza kitu. Sauti itakayotoka hutegemea ukubwa wa bomba: kwenye koneti ya B flati ile C hutoka ikiwa B flati (B iliyoshushwa nusu hatua), na kwenye honi ya E flati hutoka ikiwa E flati. Anayebaki nje ya mpango huo ni mpiga tromboni ya besi tu, ambaye huandikiwa ufunguo wa fa kwa sauti halisi, ndiyo maana kwenye mazoezi ya mwalimu yeye peke yake alikuwa anaeleweka. Faida ya utaratibu huo ni kubwa: mchimba madini aliyekuwa akipiga koneti, midomo ikishachoka kwa uzee, alihamishiwa baritoni au besi wiki hiyo hiyo bila kujifunza vidole vipya wala ufunguo mpya.

Vikundi vyetu vya kanisa vimetoka kwenye ukoo mwingine. Mchungaji Eduard Kuhlo wa Gohfeld, Ujerumani, alitoa kitabu cha tarumbeta za kanisa mwaka 1881, na mwanawe Johannes Kuhlo, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufariki mwaka 1941, akaueneza utaratibu wa baba yake kila mahali mpaka Wajerumani wakamwita jenerali wa tarumbeta. Kwao nota huandikwa jinsi inavyosikika, sawasawa na ya kinanda. Mpiga tarumbeta ya B flati hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba kupuliza bila kubonyeza ni B flati, na anaiona imeandikwa B flati. Walitaka tarumbeta, kinanda na waimbaji wafungue kitabu kimoja cha nyimbo na kuanza pamoja, bila mtu kukaa usiku kucha akinakili. Ndiyo maana kikundi cha aina hiyo kina soprano, alto, teno na besi, kama kwaya.

Kwa hiyo, mwalimu, wapigaji wako wa sauti ya kwanza waliisoma C ya Mwingereza wakaipiga C halisi, wakati mtunzi alikusudia B flati. Walikuwa juu kwa hatua nzima. Waliopewa karatasi za honi za E flati nao walikosea kwa kiasi kingine tofauti, na hapo ndipo mbwa alipoona hawezi.

Kuna ujanja mmoja ambao Besi ya Baridi utaupenda. Ukipata karatasi ya besi ya E flati, jifanye kwamba ule ufunguo wa sol ni ufunguo wa fa, kisha ongeza flati tatu. Nota itaangukia mahali pake, hata oktava itakuwa sahihi. Angalia tu zile shapu na flati (alama za kupandisha na kushusha nota) za njiani, kwa sababu hizo zitakudanganya.

Besi ya Baridi, Njombe

Nimejaribu sasa hivi. Nimekitoa kitabu kabatini, nimefuta vumbi, nimeongeza flati tatu, na wimbo umetoka. Miaka yote hii! Mzee Koneti, ubarikiwe.

Mwalimu wa Tarumbeta, Tukuyu

Mzee wangu Koneti, shikamoo na asante; umeifanya kazi ambayo ningeifanya kwa kurasa tatu na bado ningekosea. Naendelea na sehemu ya pili.

Nje ya Jeshi la Wokovu, bendi za Uingereza ziliishi kwa mashindano. Yale ya Belle Vue, Manchester, yalianza mwaka 1853, na mashindano ya taifa yakaanza London mwaka 1900 katika jumba la kioo la Crystal Palace. Bendi zenyewe zilikuwa za viwanda vya nguo, za migodi na za vijiji: Black Dyke ya kiwandani, Grimethorpe iliyoanzishwa mgodini mwaka 1917, na nyingine nyingi. Kanuni yao ni ya kushangaza kwa sisi tuliozoea mashindano ya kwaya. Bendi zote za daraja moja hupewa kazi moja ile ile, kisha majaji hukaa ndani ya kibanda kilichofunikwa, wasiione bendi inayopiga wala kujua ni ya nani, wakasikiliza kazi hiyo hiyo mara kumi na tano au ishirini kwa siku. Naomba walimu wa mashindano ya kwaya ya kwetu wausome huo mstari mara mbili.

Mwanzoni kazi walizoshindania zilikuwa vipande vilivyokatwa kutoka kwenye opera. Mwaka 1913 ndipo mashindano ya taifa yalipotumia kazi iliyotungwa mahususi kwa ajili ya bendi hizo, Kazi na Upendo ya Percy Fletcher. Baada ya hapo hata wakubwa walikuja: Gustav Holst mwaka 1928, Edward Elgar mwaka 1930, John Ireland mwaka 1932. Lakini hao walikuwa wageni waalikwa, kazi moja au mbili kisha wanarudi kwenye okestra zao. Ball alikuja kukaa.

Mwaka 1946, miaka miwili tu tangu atoke kanisani kwake, aliiongoza bendi ya Brighouse na Rastrick ikatwaa ubingwa wa taifa. Mwaka 1950 mashindano ya Belle Vue yalitumia kazi yake iitwayo Resurgam, neno la Kilatini lenye maana ya "nitafufuka". Juu ya nota hizo aliweka maneno ya kitabu cha Hekima ya Sulemani, kwamba roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu. Tazameni alichokifanya mtu huyu: aliyeondoka kanisani kwa sababu ya swali la wafu waliko, alilipeleka swali lile lile mbele ya majaji waliofunikwa ndani ya kibanda, akalipatia jibu kwa shaba. Ni mojawapo ya kazi zake zinazopigwa sana. Zikafuata Muziki wa Tamasha mwaka 1956 na Safari ya Kuelekea Uhuru mwaka 1967, zote mbili kwa ajili ya fainali za taifa.

Dada wa Flugeli, Mbeya mjini

Mwalimu, nakushukuru kwa uzi, lakini naomba uje kwenye jambo ambalo sisi tunaojaribu kutunga tunalala nalo. Mtu huyu aliishi kwa nini? Kazi ya 1950, nyingine 1956, nyingine 1967. Hapo katikati watoto walikula nini? Nauliza kwa uzoefu. Nimepanga nyimbo zaidi ya thelathini kwa kikundi chetu, na malipo makubwa niliyowahi kupata ni mkungu wa ndizi na soda mbili. Ndizi zenyewe zilikuwa nzuri, sikatai.

Mwalimu wa Tarumbeta, Tukuyu

Dada yangu, umegusa mfupa wenyewe. Kwa kutunga peke yake asingeishi. Alipotoka kanisani aligeuka kuwa mtu wa kuitwa: bendi hii inamwita kuinoa wiki mbili kabla ya mashindano, bendi ile inamwita kuongoza, waandaaji wanamwita kukaa kwenye kibanda cha majaji. Aliwahi pia kuwa mhariri wa gazeti la wapiga shaba, British Bandsman, lililoanzishwa mwaka 1887. Kutunga kulikuwa ndani ya kazi hizo zote, kama mchele ndani ya pilau. Usingeweza kuuchambua utoke peke yake.

Lakini utaratibu wa kazi moja kwa bendi zote ulimsaidia mtunzi kwa namna ambayo sisi hatunayo. Kazi ikishachaguliwa, kila bendi ya daraja lile hulazimika kununua seti nzima ya nota, na huipiga kwa majuma mengi mpaka mpigaji wa mwisho anaijua kwa moyo. Hakuna tangazo la biashara linaloweza kufanya hivyo. Kazi zako thelathini, dada, ziko wapi sasa hivi? Naomba ujibu kwa ukweli.

Dada wa Flugeli, Mbeya mjini

Kumi na moja zimeandikwa nota kamili. Zilizobaki zimo kichwani mwangu na katika vichwa vya watu wanane, mmoja wao amehamia Sumbawanga na ameondoka na sauti ya pili yote.

Koneti ya Zamani, Iringa

Hapo ndipo kaburi la watunzi wetu lilipo. Katika mazishi mengi niliyopiga, Kilolo mpaka Mufindi, nimesikia mipango ya sauti ambayo ingestahili kuchapwa: besi inayotembea chini ya "Bwana U Sehemu Yangu" kwa namna ambayo hutaikuta kitabuni, alto inayochelewa kwa makusudi nusu pigo kisha inaingia. Ukiuliza nani kaipanga, unaambiwa ni mzee fulani, marehemu. Ukiuliza nota, unaambiwa yeye alikuwa anaimba tu kila mtu sauti yake mpaka ashike.

Hata hivyo nina pingamizi, na naomba mwalimu anivumilie. Sioni kama njia ya Ball inatufaa. Kazi zake ziliandikwa kwa bendi ya watu ishirini na watano mbali na ngoma: koneti peke yake kumi, flugeli moja, honi tatu, baritoni mbili, tromboni tatu, yufonia mbili na besi nne. Ni usharika gani wa kwetu una besi nne zinazofanya kazi? Pia tarumbeta ya kwetu ni ya ibada. Ndugu zetu Wamoravian wana desturi ya alfajiri ya Pasaka makaburini iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732 na ikaja huku na wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Ukimpa mpigaji wa alfajiri ile mawazo ya kikombe na majaji, unaharibu kitu.

Mwalimu wa Tarumbeta, Tukuyu

Mzee wangu, sehemu ya kwanza ya pingamizi lako naipokea yote, na ya pili naipokea nusu. Desturi ya alfajiri naijua. Nimesimama makaburini saa kumi na moja kasoro, ukungu wa Mlima Rungwe umeshuka mpaka kwenye misalaba, tukipuliza pumzi ya moto ndani ya vyombo kimyakimya kabla ya kuanza, kwa sababu shaba ikipoa sauti yake hushuka na ukianza bila kuipasha moto wimbo utakuwa chini ya waimbaji. Hapo hapahitaji jaji. Lakini Ball mwenyewe ni ushahidi kwamba mtu anaweza kuleta ibada kwenye mashindano bila kuiuza. Wachimba madini ambao pengine hawakukanyaga kanisani walikaa majuma kadhaa na andiko la Hekima ya Sulemani mbele yao.

Fundi Rejeta, Mwanjelwa

Salaam wakuu. Mimi sipigi chombo chochote. Kazi yangu ni kuziba rejeta za magari, ila kwa kuwa ndiye mwenye moto mdogo na mkono mwepesi, vikundi vya tarumbeta vinaniletea vyombo, na mtoto wangu mmoja amejiunga na kikundi. Kupitia yeye nimesoma habari za Mwingereza mwingine ambaye mnamruka, na mimi ndiye aliyenigusa. Anaitwa Wilfred Heaton. Alizaliwa Sheffield mwaka 1918, naye ni wa Jeshi la Wokovu, na ujana wake aliutumia katika karakana ya kutengeneza vyombo vya shaba. Fundi, kama mimi! Mchana anachomelea, usiku anatunga.

Huyu kazi yake ilikuwa ngumu masikioni mwa watu wa wakati wake. Aliandika kazi kwa ajili ya mashindano ya taifa ya mwaka 1973, wenyewe wakaikataa. Ikakaa miaka tisa, kisha mwaka 1982 mashindano yale yale yakaitumia kwenye fainali, na leo wanaihesabu miongoni mwa kazi kubwa za bendi hizo. Kwa muda mrefu wa maisha yake aliacha kabisa kutunga. Alifariki mwaka 2000, na watu wakaanza kupekua karatasi zake. Kwa hiyo dada, hizo zilizobaki ambazo hujaandika, ziandike hata kama hakuna anayeziomba.

Dada wa Flugeli, Mbeya mjini

Fundi, umenisema mbele za watu, na nimekubali. Nimenunua madaftari mawili ya nota leo pale Mwanjelwa. Swali langu la mwisho ni la haki. Tukitaka kuzipunguza hizo kazi za Ball zitoshe watu tisa, je, tunaruhusiwa, au tunaiba?

Koneti ya Zamani, Iringa

Sheria yetu ya hakimiliki, namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Huko Uingereza ni miaka 70. Ball alifariki 1989, hivyo hapa kwetu kazi zake zimo ndani ya ulinzi hadi mwisho wa 2039, na kuzipanga upya ni haki ya mwenye kazi, yaani mchapaji wake aombwe. Kunakili seti nzima kwenye mashine ya fotokopi ni wizi, hata kama mashine ni ya ofisi ya usharika. Mipango ya sauti ya Johannes Kuhlo kwa upande mwingine imekwisha kuwa huru, maana amefariki tangu 1941. Na sheria hiyo hiyo, dada, inakulinda wewe, lakini ni vizuri kazi iwe imeandikwa au imerekodiwa mahali. Iliyohamia Sumbawanga kichwani mwa mtu itakuwa vigumu kuitetea.

Watunzi wa siku hizi wamelielewa hilo. Philip Sparke, aliyezaliwa mwaka 1951, aliagizwa na bendi ya Cory ya Wales kuandika kazi ya kuadhimisha miaka 100 ya bendi hiyo mwaka 1984, akawapa Mwaka wa Joka, ambayo imezunguka dunia. Mwaka 2000 akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya kuchapa nota. Ball alizikuta funguo mikononi mwa watu wengine. Huyu alijitengenezea mlango.

Mwalimu wa Tarumbeta, Tukuyu

Kwa kuwa mzee amelieleza jambo la haki, nataja nilichofanya. Zile nota za bahasha nimezirudisha kwenye bahasha, tutazisoma kwa kujifunza tu. Badala yake nimekaa na daftari na kuandika kitu kipya kwa watu wangu tisa, kwa majina yao. Wa sauti ya kwanza ni watatu, na mmoja ni mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye midomo yake huchoka baada ya beti mbili. Nimempa mapumziko ya mipigo minane kabla ya mwisho, ili afike kwenye nota ya juu akiwa na nguvu. Wa pili ni wawili, mume na mke, na wakigombana nyumbani hawasikilizani, kwa hiyo nimewaandikia sauti moja. Tromboni ya teno mkono wake unakwama, haivutiki mpaka chini kabisa, nikaiepusha na nota zote za mkao wa saba. Nilipofika hapo nikagundua kwamba sikuwa nimeandika nota hata moja niliyokuwa nimeipanga mwanzoni, na wimbo ulikuwa mzuri zaidi.

Tumeujaribu Jumamosi. Umetoka. Tatizo limebaki kwenye besi kubwa, inavuja pumzi mahali kwenye kiungo cha chini, na ile F ya mwisho inayoshikilia wimbo wote inatoka kama mtu anayekoroma.

Besi ya Baridi, Njombe

Mwalimu, mpe pole mpiga besi wako, na mwambie ufunguo wa soprano hauumi. Naomba karatasi ya besi ya huo wimbo mpya, kwa ufunguo wa fa.

Dada wa Flugeli, Mbeya mjini

Nami naomba ya sauti ya pili, hata kama ni ya mume na mke. Ndaga fijo, mwalimu.

Fundi Rejeta, Mwanjelwa

Mwalimu, hiyo besi ilete Jumatatu asubuhi na gari la kwanza la kutoka Tukuyu, kabla sijawasha moto wa rejeta, kwa maana moto wa rejeta ni mkali mno kwa shaba nyembamba. Usimpe mtu yeyote njiani aipake gundi. Njoo na mpigaji wake pia, aipulize ndani ya beseni la maji huku mimi natafuta mapovu.